Kuotesha utando wa nusu-vipitishi vya matabaka: maswali ninayoulizwa mara kwa mara hapa Mwanza

Nafundisha fizikia upande wa Nyegezi. Kabla ya kurudi nyumbani nilikaa miaka mitatu ng'ambo mbele ya tanuri moja dogo, nikiotesha vitu ambavyo jicho halivioni. Nikisimulia kazi hiyo, watu hawachoki kuuliza: wanafunzi wa kidato cha sita, fundi wa mashine za boti pale Kirumba, na mama mmoja muuza dagaa ambaye alinisikiliza vizuri kuliko wanafunzi wangu. Nimeyakusanya maswali yao hapa ili nisirudie kila siku.

Hicho mnachootesha ni kitu gani hasa?

Anza na majabali yetu. Ukiokota kipande cha ulanga kinachometameta kwenye jiwe, ukachokonoa ukingo wake kwa ukucha, kinabanduka kijikaratasi. Ukikichokonoa hicho nacho, kinabanduka kingine chembamba zaidi. Sababu ni kwamba atomi za ndani ya tabaka moja zimeshikana kwa nguvu sana, lakini tabaka na tabaka zinashikana kidogo tu. Kwa vitu ninavyovisema hapa, ule mshiko dhaifu unaitwa kwa jina la Mholanzi Johannes van der Waals, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1910.

Kuna nusu-vipitishi, yaani vitu vya jamii ya silikoni iliyo ndani ya simu, vilivyojengwa kwa matabaka namna hiyo. Maarufu kuliko vyote ni disalfaidi ya molibdeni. Tabaka lake moja lina safu tatu za atomi: salfa juu, molibdeni katikati, salfa chini. Unene wake ni kama nanometa 0.65; nanometa moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Unywele wenye unene wa nanometa 70,000 ungehitaji matabaka zaidi ya 100,000 kuufikia.

Ndugu zake ni disalfaidi ya tungsteni, diselenaidi ya molibdeni na diselenaidi ya tungsteni. Nikisema "utando" bila kufafanua, nazungumzia disalfaidi ya molibdeni.

Fundi wa Kirumba: Mwalimu, si ndiyo ile grisi nyeusi?

Ndiyo hiyo hiyo. Grisi ya kijivu cheusi inayotiwa kwenye jointi za ekseli za magari mara nyingi huchanganywa na unga wa disalfaidi ya molibdeni. Inateleza kwa sababu matabaka yake yanasugulika moja juu ya jingine bila kung'ang'aniana. Ninalipenda swali hili kwa sababu linaondoa woga. Kitu ambacho maabara kubwa za dunia zinakihangaikia kimekuwa mikononi mwa mafundi miaka yote, tofauti ni kwamba mafundi wanakinunua kwa kopo.

Kwa nini tabaka moja? Kwani mawili yana kasoro gani?

Mwaka 2010 watafiti walionyesha jambo la ajabu. Bonge la disalfaidi ya molibdeni lina pengo la nishati, yaani nishati ambayo elektroni inahitaji ili iruke na kuanza kubeba umeme, la elektronivolti 1.2 hadi 1.3 hivi, na ukilimulika halitoi mwanga wa maana. Ukilipunguza hadi libaki tabaka moja, pengo linapanda hadi karibu 1.8 au 1.9, na namna elektroni zinavyoliruka inabadilika: sasa elektroni inashuka moja kwa moja na kutoa mwanga mwekundu. Hujaongeza kemikali yoyote. Umepunguza tu unene.

Sababu ya pili ni swichi. Transista, yaani swichi ndogo za umeme zilizo ndani ya simu, zinazidi kufinywa, na silikoni ikikonda kufikia nanometa chache, uso wake unakuwa na mikwaruzo na atomi zenye mikono mitupu, yaani zisizo na jirani wa kushikana naye, elektroni zikawa zinajikwaa humo. Tabaka letu halina mikono mitupu juu wala chini. Ni jembamba kwa asili yake, halikukwanguliwa likawa hivyo. Grafini, yaani tabaka moja la kaboni kutoka kwenye grafiti, nayo ni nyembamba, lakini haina pengo la nishati, kwa hiyo swichi yake haizimiki sawasawa. Mwaka 2011 maabara moja ya Lausanne, Uswisi, ikatengeneza transista ya tabaka moja la disalfaidi ya molibdeni inayowaka na kuzima vizuri, na tangu hapo mbio zikaanza.

Nilisoma kwamba walitumia seloteipu. Basi tanuri la nini?

Umesoma sawa. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov, pale Manchester, walibandua grafini kutoka kwenye grafiti kwa seloteipu, na mwaka 2010 wakapata Nobel. Njia hiyo bado inatoa vipande bora. Shida yake ni ukubwa. Unapata kipande cha mikrometa kumi au ishirini, hujui kitaangukia wapi, na kingine kitakachofuata hakitafanana nacho. Kwa utafiti wa chuoni kinatosha. Kwa kiwanda kinachotaka mamilioni ya transista zinazofanana ni sawa na kulisha mji kwa ndoano moja.

Kwa hiyo badala ya kubandua, tunaotesha: tunaleta atomi kwa njia ya mvuke, zinatua kwenye bamba, zinajipanga zenyewe.

Mnaoteshaje? Tueleze hatua kwa hatua.

Tanuri ni la mrija. Mrija wenyewe ni wa kwatzi, mrefu kama mkono, na gesi inaingia upande mmoja na kutokea upande wa pili. Ndani unaweka vitu vitatu.

Katikati, penye joto kali, unaweka miligramu chache za unga wa trioksidi ya molibdeni katika kichombo kirefu cha kauri. Kina umbo la mtumbwi kabisa, na hata wazungu maabara hukiita mashua. Juu ya mtumbwi huo, au mbele yake kidogo, unaweka bamba la kupandia: kipande cha silikoni chenye ngozi ya oksidi, au bamba la yakuti iliyotengenezwa kiwandani, ambayo haina rangi, tofauti na ile ya Tunduru. Mbali kidogo, upande gesi inakoingilia, unaweka mtumbwi wa pili wenye salfa ya unga. Salfa ni ile ile wanayopulizia mikorosho kule Mtwara, ila ya maabara imesafishwa zaidi.

Kwanza unapitisha argoni, gesi isiyoungana na kitu, muda mrefu ili hewa yote itoke. Hatua hii wanafunzi huifupisha, halafu wanashangaa. Kisha unapandisha joto polepole, nyuzi 15 kwa dakika au karibu na hapo, hadi kati ya 700 na 800 za Selsiasi. Trioksidi ya molibdeni inayeyuka kwenye nyuzi 795 lakini inaanza kutoa mvuke kabla ya hapo. Salfa ni mwepesi wa kukasirika: inayeyuka kwenye nyuzi 115, kwa hiyo inakaa pembezoni, penye nyuzi 200 hivi au pungufu. Mivuke miwili inakutana juu ya bamba. Salfa inaivua oksidi oksijeni yake na kuchukua nafasi. Dakika kumi baadaye unazima na kuacha tanuri lipoe, huku argoni ikiendelea kupita.

Ukitoa bamba unaona rangi imebadilika kidogo tu. Chini ya hadubini kuna pembetatu ndogo zimetawanyika kama mashua ziwani, na zilizokua vya kutosha zimeungana na kuwa utando mmoja.

Mama wa dagaa: Nani anazuia tabaka la pili lisipande juu ya la kwanza?

Hili ndilo swali bora nililowahi kuulizwa, na hajasoma kemia hata siku moja. Aliuliza kwa sababu anaujua uchungu wake. Dagaa wakianikwa kwenye chanja tabaka moja, wanakauka vizuri. Ukiwarundika, wa chini wanaoza. Kwenye chanja anayezuia ni mkono wa mtu. Ndani ya mrija hakuna mkono.

Jibu ni kwamba mgongo wa tabaka umeshiba lakini ukingo una njaa. Atomi za salfa zilizo juu zimeshika kila zilichotakiwa kushika, hivyo atomi mpya ikitua mgongoni haipati pa kujishikiza, inateleza huku na huku hadi ifike ukingoni au irudi hewani. Ukingoni kuna mikono mitupu, inadakwa hapo hapo. Ndiyo maana utando unatanuka kwa upana kabla ya kupanda kwa urefu.

Lakini mgongo ulioshiba una mpaka wake. Ukileta mvuke wa molibdeni mwingi kwa haraka, atomi zinakutana zenyewe juu ya mgongo kabla hazijafika ukingoni, zinashikana, na tabaka la pili linaanza hapo. Kwa hiyo kazi yetu yote ni kulisha kidogo kidogo. Nikimweleza hivyo, mama akasema, "Kumbe mnawanyima." Sina namna bora ya kulisema.

Kwa nini pembetatu?

Ukiitazama kwa juu, fuwele imejipanga kwa ulinganifu wa pande tatu, na kingo za aina moja zinakua upesi kuliko za aina nyingine. Zinazokua upesi zinajimaliza, zinazokua polepole ndizo zinazobaki kuonekana. Ukibadilisha uwiano wa salfa na molibdeni, umbo nalo linabadilika, na karibu na salfa mbili kwa molibdeni moja unaweza kuona pembesita. Mtu mzoefu anaangalia maumbo kwenye bamba na kukwambia salfa ilipungua wapi, kama mvuvi anavyosoma maji.

Pembetatu hizo zikikua zikakutana zimeelekea pande tofauti, panabaki mshono, na mshono unazuia umeme. Dawa yake ni kuzielekeza zote upande mmoja tangu mwanzo. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nanjing walikata yakuti kwa pembe maalumu ili uso wake uwe na vingazi vya atomi, pembetatu zote zikafuata vingazi hivyo, wakapata fuwele moja yenye upana wa inchi 2. Karatasi ya kawaida yenye unene wa milimita 0.1, ikiwa na uwiano huo wa upana na unene, ingetanda zaidi ya kilomita 7. Daraja la Kigongo–Busisi lina kama kilomita 3.

Nini huharibika mara nyingi?

Salfa. Daima salfa.

Ikichelewa, trioksidi inaruka peke yake na unapata vibamba vya umbo la almasi vyenye rangi ya kahawia au bluu iliyokoza, ambavyo ni dioksidi ya molibdeni. Ikiwahi, inafika kwenye mtumbwi wa trioksidi kabla ya wakati, inaufunika unga kwa ganda la salfaidi, na unga unaacha kutoa mvuke. Bamba linatoka tupu. Katika hali zote mbili tanuri lilikuwa sahihi, gesi sahihi, joto sahihi.

Mimi niliwahi kupoteza wiki sita. Kila siku almasi za kahawia, kila siku nasafisha mrija, nabadilisha argoni, nalaumu unga. Nikaanza kuamini kuna mkono wa mtu. Mwishowe fundi mzee wa jengo lile akaniuliza kama naona alama ya kutu sakafuni. Mtu aliyetumia tanuri kabla yangu alilisogeza sentimita tatu ili apate nafasi ya kiti chake. Mimi nilikuwa napima mahali pa salfa kutoka ukingo wa meza, siyo kutoka kwenye tanuri. Sentimita tatu zilitosha kuiweka salfa kwenye ubaridi. Tangu siku ile nachora mstari wa kalamu juu ya mrija wenyewe, na nikimwona mwanafunzi anapima kutoka mezani nampigia kelele.

Visababishi vingine ni vya kawaida: ringi ya mpira inayovuja, bamba lililoguswa kwa kidole, mrija wenye mabaki ya jana. Sivirefushi.

Mtajuaje ni tabaka moja kama halionekani?

Linaonekana, ukilitega. Umeshaona petroli ikimwagika mwaloni, maji yanapata rangi za upinde? Mwanga unaoruka kutoka juu ya utando unakutana na unaoruka kutoka chini yake, rangi nyingine zinafutana, nyingine zinaongezana. Tukipanda juu ya oksidi ya silikoni yenye unene wa nanometa 300 hivi, hata tabaka moja linabadilisha rangi kiasi cha kuonwa na hadubini ya kawaida.

Kuthibitisha tunatumia mwanga wa leza, kwa njia aliyoigundua C. V. Raman wa India mwaka 1928. Tabaka linatetema kwa namna mbili zinazoonekana kama vilele viwili kwenye grafu, karibu na 385 na 404 kwa kipimo cha njia hiyo. Kwenye bonge vilele vimeachana kwa 25 hivi. Kwenye tabaka moja vinasogeleana, tofauti inashuka hadi 18 au 20. Tunatazama hiyo tofauti tu. Raman mwenyewe alichokozwa na rangi ya bluu ya bahari akiwa melini mwaka 1921, habari inayonifurahisha kila nikipanda kivuko.

Kweli mnatia chumvi?

Kweli, na hiyo hiyo ya mezani, ila safi. Kwa ndugu wa tungsteni tunaanza na oksidi ya tungsteni, na hiyo haiyeyuki hadi nyuzi 1,473, kwa hiyo kuifukiza ni taabu. Ukiichanganya na chumvi kidogo, vinatokea viungo vyenye klorini vinavyoruka kwa joto la chini zaidi. Mwaka 2018 kundi lililoongozwa na watafiti wa Singapore lilitumia ujanja huo kutengeneza aina 47 za utando. Wanafunzi wangu wanapenda kuuliza kama chumvi ya Uvinza itafaa.

Kuna njia nyingine zaidi ya unga?

Zipo. Viwanda vinapendelea kutumia vimiminika na gesi badala ya unga, kwa sababu gesi unaipima kwa vali lakini unga unajiamulia. Mwaka 2015 kundi la Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, lilifunika kisahani kizima cha silikoni cha inchi 4 kwa tabaka moja, kwa nyuzi 550. Ilichukua saa 26. Kwa hiyo usinililie kwamba dakika kumi ni nyingi. Njia nyingine ni kurusha atomi ndani ya ombwe kali sana, safi mno na ghali mno.

Ni hatari?

Ndiyo, na hapa sifanyi mzaha. Haidrojeni ikitumika pamoja na salfa, inatoka salfaidi ya haidrojeni, ile gesi inayonuka mayai viza. Watu wanadhani pua itawaonya. Pua inaonya mwanzo tu: ikifika karibu sehemu 100 kwa milioni hewani, pua inakufa ganzi, na aliye ndani anadhani gesi imekwisha. Gesi inayotoka lazima ipitishwe kwenye maji ya kostiki, ile ya watengeneza sabuni, kisha itolewe nje ya jengo kwa bomba. Haidrojeni yenyewe hulipuka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa. Argoni haina sumu, lakini ikijaza chumba kilichofungwa inakunyang'anya oksijeni na huhisi chochote. Seleni, inayotumika badala ya salfa kwa zile diselenaidi, ni mbaya kuliko salfa; msiiguse bila mwalimu aliyeizoea.

Usijaribu haya jikoni. Narudia kwa sababu kijana mmoja aliniletea picha ya jiko la mkaa na bomba la pikipiki.

Inawezekana kufanyika hapa Mwanza?

Sehemu kubwa, ndiyo. Argoni ipo, mafundi wa kuchomelea alumini na chuma cha pua wanaitumia kila siku. Ya kwao inaweza kuwa na unyevu, kwa hiyo unaipitisha kwanza kwenye mrija wa kukausha. Tanuri la mrija si mashine ya ajabu: ni waya wa joto, tofali za moto na kidhibiti. Hadubini zipo.

Kinachohitaji hesabu ni mambo mawili. La kwanza, ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa hapa ni kama asilimia 88 ya ile ya pwani, ndiyo maana maji yanachemka kwenye nyuzi 96 tu. Mapishi mengi yameandikwa kwa maabara za pwani, "kwa kanieneo ya kawaida". Hapa mvuke unaruka mapema kidogo, kwa hiyo salfa isogeze nje kidogo na ujaribu tena. La pili ni umeme. Ukikatika katikati ya kuotesha, joto linashuka, salfa inaganda kwenye mrija, na bamba la siku hiyo limekwenda. Betri ya akiba ya saa moja ni ya lazima kabla hujafikiria hadubini nzuri.

Kuna na jambo ambalo Kanda ya Ziwa tuna haki ya kulisikiliza kwa makini. Dhahabu safi iliyotandazwa karibuni inashikana na salfa kwa nguvu kuliko matabaka yanavyoshikana yenyewe. Ukigandamiza fuwele ya disalfaidi ya molibdeni juu ya dhahabu hiyo na kuivuta, tabaka la chini kabisa linabaki, pana kwa milimita na hata sentimita. Dhahabu inayohitajika ni utando wa nanometa chache tu. Geita haitahisi.

Simu yangu inayo?

Bado. Mwaka 2017 watafiti wa Vienna walitengeneza kichakataji cha transista 115 kwa disalfaidi ya molibdeni. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Fudan, China, wakafikisha 5,900. Simu yako ina mabilioni ya transista za silikoni.

Mimi ni mwanafunzi, sina tanuri. Nianzie wapi?

Tafuta penseli ya 6B, seloteipu na kioo cha hadubini. Sugua grafiti kwenye seloteipu, ikunje, ifungue, ikunje tena mara kumi mahali papya kila mara, kisha ibandike kwenye kioo na uibandue taratibu. Tazama kwa hadubini ya shule. Utaona vipande vyeusi, vya kijivu, na vichache vinavyopitisha mwanga. Hivyo vya mwisho bado vina matabaka mengi, lakini ndivyo vya kuchora kwenye daftari, pamoja na tarehe na idadi ya mikunjo.

Ukimaliza, leta daftari. Seloteipu usiilete, najua ilivyo.